Mwewe wa Dhuha

Asubuhi, katika nchi ile, haikuwa ya watu wote. Haikuja kama mvua, ikamnyeshea mwenye paa na asiye na paa. Kila nyumba ilikuwa na asubuhi yake, na asubuhi ya nyumba iliitwa na jogoo wa nyumba hiyo, aliyeanguliwa humo. Akiwika jogoo wa fulani, kumekucha kwa fulani. Jirani yake, kama jogoo wake kachelewa, yuko gizani anakoroma, na kati yao pana ua wa makuti tu. Ndiyo maana mtu akiulizwa umri hakutaja miaka. Alitaja majogoo aliowafuga, akaeleweka.

Na nyumba ambayo jogoo wake amechukuliwa? Swali hilo watu wa nchi ile hawakupenda kuulizwa. Walikohoa, wakatengeneza kofia, wakauliza habari za mahindi.

Bi Mwanahija alilijua jibu, maana alikuwa akiishi ndani yake. Jogoo wake alichukuliwa saa ya dhuha, siku iliyofuata maziko ya mumewe, Bwana Hatibu. Watu husema mwewe hawezi kumbeba jogoo. Mwewe wa nchi ile alimbeba. Mwanahija alikuwa amekaa mkekani, siku ya kwanza kamili ya eda, kajitanda nguo nyeupe, tasbihi mkononi. Akasikia kishindo kimoja uani, akatoka, akakuta manyoya yanashuka polepole kama watu wasio na haraka ya kufika. Tangu hapo jua halikusogea. Lilikaa palepale, begani mwa paa la jiko, mahali pa dhuha. Mwanahija akaswali dhuha. Akangoja adhuhuri. Adhuhuri haikuja. Akaswali dhuha tena, akangoja tena, akaona haya mbele ya Mola wake, kama mtu anayebisha hodi mlango ule ule na hana jipya la kusema.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na waliopita humo wanajua kwamba siku ya kwanza ndiyo nzito, maana mkono bado haujapata habari. Mkono unatenga vikombe viwili. Mwanahija alitenga viwili, akakumbuka, akarudisha kimoja. Akaswali. Akatenga viwili. Wenziwe wote waliowahi kufiwa walivuka mto wa eda kwa kupigwa na mawimbi mengi tofauti. Yeye alipigwa na wimbi moja, lile lile la kwanza, bila kuzama wala kuvuka.

Hakuwa na mtu ila wifi yake, Kazija, dada wa marehemu, aliyekaa upande wa pili wa ua. Kwa Kazija kulikuwa na jogoo mkubwa mwenye kiburi, basi siku zilikwenda mbio. Kila alipochungulia kwenye tundu la makuti, mvi zilikuwa zimeongezeka.

"Wifi! Kwako leo ni lini?"

"Ni ile ile."

"Masikini! Huku mahindi yameshabeba, na mtoto wa Mwanaisha ameota meno, anauma watu kama ana kisasi."

"Na hitima ya kaka yako?"

"Ah, tulisoma zamani, wifi. Pilau lilikuwa na chumvi, watu wakala wakinyamaza." Kazija alisita. "Nikwambie kweli? Sauti yake imeanza kunitoka. Alikuwa akikohoa vipi vile, akiingia ndani?"

Mwanahija akakohoa. Akakohoa kikohozi cha Hatibu, kile kifupi cha mara mbili, cha kuomba njia. Kwake yeye kilikuwa cha juzi. Upande wa pili wa ua Kazija akacheka huku anapenga kamasi, akasema, "Mke wa kaka yangu wewe, ulikuja hapa na sanduku moja na ubishi mwingi, na sasa umebaki wewe ndiye kaka yangu."

Lakini jambo moja lilikuwa likisogea katika saa ile iliyosimama. Kifaranga hakui kwa siku. Kifaranga hukua kwa punje. Na Mwanahija alikuwa na kuku wake, Sitara, kuku mwekundu mwenye shingo tupu, aliyeatamia chini ya kitanda cha kamba kabla ya msiba na kuangua ndani ya msiba. Akitoka jogoo katika vifaranga wale, akikua, akiwika, jua litaondoka begani mwa jiko. Adhuhuri itafika. Eda itaanza kuhesabika. Mwanahija hakuomba furaha. Aliomba siku ya pili.

Desturi ya nchi ile ilikuwa kwamba vifaranga wakianguliwa hupelekwa kwa Mzee Shekue, mwenye chungu. Katika chungu hicho yalichemshwa magome na matunda ya zambarau, na kila kifaranga alichovywa mpaka shingoni, Mzee Shekue akisema, "Aliye juu asikuone, aliye chini asikukose." Wakatoka wa zambarau wote, wakichechemea kwa hasira, wakakaushwa juani. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Inasemekana zamani sana mwewe alipoona kwa mara ya kwanza kifaranga wa rangi ile alishtuka, akaenda zake, na nchi ikala mayai kwa raha. Wakakipenda chungu. Anayemwogopa wa juu humpenda sana anayemwambia kwamba haonekani.

Mwenye eda hatoki. Basi ni Kazija aliyepitisha tenga chini ya ua, akawapeleka vifaranga wa Sitara kuchovywa. Aliporudi, Mwanahija akagundua kwamba yai moja lililodhaniwa viza lilikuwa limepasuka baada ya wenzake, na ndani yake katoka kifaranga wa mwisho, mdogo, rangi ya udongo mkavu.

"Kesho nitampeleka na huyu," akasema Kazija.

Lakini kesho ya Kazija ilikuja na mgeni, na iliyofuata ikaja na homa. Kifaranga wa udongo akabaki hivyo hivyo, bila kuchovywa.

Mtu aliyesimamishwa katika saa moja hana kazi ila kuangalia. Mwanahija akaangalia. Akamjua mwewe kama mtu anavyomjua mkwe mkali. Alikuja kutoka upande wa mnazi uliokatika kichwa. Kivuli chake kilitangulia, kikaruka ua, kikatambaa juu ya kinu, juu ya mtungi, juu ya miguu ya Mwanahija mwenyewe. Na kilipopita miguuni alihisi baridi na mgongo ukajikunja wenyewe. Sitara alikuwa ameshainamisha kichwa, jicho moja mbinguni, jicho moja ardhini, maana kuku ndiye anayeweza kuangalia kote kuwili kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu hapati usingizi wa maana. Akatoa ile sauti ya kooni, ndefu, ya kukwaruza. Vifaranga wakakimbilia mbawani. Na Mwanahija alijikuta amechuchumaa, nguo nyeupe ameipanua pande zote mbili, na hakujua ni yupi kati yao aliyelia.

Nani alisema maneno haya, kuku au mjane?

Mimi ni bawa. Sina kingine. Walio chini yangu wananiita mama, aliye juu yangu haniiti kitu. Nikifunga bawa, wanakosa hewa. Nikifungua, wanakosa mmoja. Nifungue kiasi gani, ee Mola, nifungue kiasi gani?

Mwewe alichukua mmoja. Akaenda, akarudi, akachukua mwingine. Saa ilikuwa ile ile, njaa ilikuwa mpya kila mara. Wakapungua mpaka wakabaki watatu: wa zambarau wawili, na yule wa udongo. Mmoja wa wale wa zambarau alikuwa ameanza kuota upanga kichwani, mwekundu, mwembamba kama uzi. Jogoo. Ndiye peke yake.

Mwanahija akamfunikia jogoo tenga, akaweka jiwe juu. Jogoo akala tengani, akanywa tengani. Upanga ukapauka. Akawa anasimama kona moja, shingo kaikunja, na alipojaribu sauti ilitoka kama ya mlango mbovu. Jogoo aliyelelewa chini ya tenga hawiki. Kuwika kunataka anga, hata kama anga lenyewe ndilo lenye adui. Mwanahija akaliondoa tenga. Akakaa mlangoni, bakora mapajani, macho juu mpaka shingo ikamuuma.

Ndipo alipoona.

Kivuli kiliruka ua. Kifaranga wa udongo alikuwa katikati ya uwanja, peupe, anapekua bila habari. Jogoo alikuwa mvunguni mwa kinu. Yule wa tatu, wa zambarau, alikuwa ameshaingia ndani kabisa ya kichaka cha pilipili, imebaki rangi kidogo tu inayochungulia kati ya majani. Mwanahija akapiga kelele, akarusha bakora. Mwewe akampita kifaranga wa udongo kwa shibiri moja, kama maji yanavyopita jiwe; hakumtazama hata; akajitupa kichakani, akavunja matawi, akatoka na wa zambarau.

Mwanahija akakaa chini pale pale mchangani. Hakulia. Alikuwa akimfikiria mwewe alipokuwa mdogo kiotoni, mdomo wazi, na mama yake anamletea tonge. Tonge lilikuwa na rangi gani?

"Kazija!" akaita. "Wifi, njoo hapa kwenye tundu!"

Kazija akaja na mwiko mkononi. Mwanahija akamweleza. Kazija akasikiliza, kisha akachezesha mwiko.

"Jua la saa ile ile limekupanda kichwani. Mwewe haioni zambarau. Tangu bibi zetu."

"Bibi zetu hawakusema uongo. Mwewe wa bibi zetu hakuiona. Huyu ni kilembwe wake. Huyu amelishwa zambarau kabla hajafumbua macho. Tumemfundisha sisi, Kazija. Tunampakia chakula chake rangi ili asikipoteze."

"Astaghfirullah! Na wewe unataka kufanya nini?"

"Nitamwosha jogoo."

Mwiko ukaanguka. "Humwoshi! Anayeosha rangi ya chungu analileta jicho la juu kwa mtaa mzima. Na ukiwa umekosea? Amebaki huyo huyo mmoja. Akienda huyo, wifi, wewe hutoki humo. Mimi nitakufa, wajukuu zangu watakufa, na wewe utakuwa hapo unatenga vikombe."

"Najua."

"Mimi nina kuku wangu pia. Sitanyamaza. Ninakwenda kwa Mzee Shekue, na uninunie ukitaka."

"Nenda," akasema Mwanahija. "Nikununie vipi, na kununa kwangu hakuna kesho ya kuisha?"

Nyayo za Kazija zikaenda mbio. Mwanahija akachota majivu jikoni, akakamua ndimu, akatia maji ya vuguvugu kwenye beseni. Akamshika jogoo, akasoma bismillahi. Jogoo akapigapiga, akaparua. Rangi ilikuwa kaidi. Ilitoka kidogo kidogo, kama siri kinywani mwa mtu mzima, ikamwingia Mwanahija kwenye kucha, viganjani, mpaka vifundoni. Chini yake jogoo alikuwa na rangi ambayo hakuna aliyewahi kuiona tangu atoke kwenye chungu: kijivu chenye madoa ya kahawia, rangi ya kivuli cha majani, rangi ya hapa hapa. Mwanahija alimtazama kwa muda. Akawaza, Mola alikuwa ameshamficha. Sisi ndio tuliomfichua.

Akamweka chini akauke. Sauti za watu zilikuwa zinakaribia ua. Na kutoka upande wa mnazi uliokatika kichwa, kivuli kilikuwa kinakaribia pia.

Hakuwa na bakora. Ilikuwa bado kichakani. Hakuwa na tenga karibu. Akafanya alichozoea kufanya mtu asiye na kitu. Akapiga magoti, akainua mikono kuomba. Viganja viwili vya zambarau, vimekunjuliwa, vinaelekea juu.

Mwewe akashuka.

Hakumwendea jogoo. Alishuka moja kwa moja katika dua. Kucha zikaingia kiganjani, na Mwanahija, kabla maumivu hayajafika, alikuwa ameshafumba vidole. Akaikamata miguu yote miwili. Mbawa zikampiga usoni, zikamvua ushungi, vumbi likapanda; akashikilia, damu ikachirizika juu ya zambarau mpaka kwenye kiwiko, akashikilia. Kisha mbawa zikatulia. Akamleta kifuani, akamkumbatia kama anavyokumbatiwa kuku anayepelekwa sokoni.

Na hapo kikamjia kitu ambacho hakukitarajia hata kidogo. Mwewe alikuwa mwepesi. Ilikuwa manyoya na mifupa myembamba, na ndani yake moyo unaokwenda mbio. Yule aliyekunja migongo ya nchi nzima, aliyefanya watu wazima watembee wakiangalia juu, uzito wake haukumfikia Sitara.

Jicho la njano likamtazama. Halikuwa na chuki, na hilo ndilo lililomtisha. Jicho likasema, au Mwanahija akalisemea:

Sikuja kwa ubaya. Niliitwa. Tangu nilipokuwa bila manyoya ninaitwa kwa rangi hii, na mimi huitika. Mnachemsha hofu kwa jina lenu, na chakula kwa jina langu, katika chungu kimoja.

"Amemkamata! Jamani, Bi Mwanahija amemkamata!"

Ua ulikuwa umejaa macho. Kila tundu la makuti lilikuwa na jicho lake. Wanaume hawakuingia, kwa heshima ya eda. Kofia ya Mzee Shekue peke yake ilionekana juu ya ua, nyeupe, imetulia.

"Hodi, mama," ikasema kofia.

"Kaa huko huko, mzee wangu. Nimevuliwa ushungi."

"Mvunje shingo, wifi!" akapiga kelele Kazija. "Mvunje sasa hivi, mikono yako isije ikachoka!"

"Subirini," akasema Mzee Shekue. Sauti yake ilikuwa nzuri, sauti ya kuchovya vifaranga. "Mwanangu, umevunja desturi, hilo tutalizungumza. Lakini huyo usimuue. Chungu kimechemka tangu babu zangu. Kikizimwa, watu watashika nini mkononi? Wanapoamka wakiogopa, watakwenda kwa nani? Mwachie aende. Kisha umrudishe jogoo wako kwenye rangi, tusahau."

Labda ndiyo mara ya kwanza watu walisikia mlinzi akimwombea maisha yule anayewalinda dhidi yake.

Mwanahija akapima. Akimvunja shingo, watasema chungu kimemuua. Wataongeza magome, na kule juu kuna wengine, mbingu si tundu la mwewe mmoja. Akimfunga, atakuwa na mfungwa wa kulisha katika siku isiyokwisha. Palibaki jambo moja, na jambo hilo lilitaka kesho yake yote iwekwe katikati ya uwanja, ikiwa imelowa, inatikisa manyoya.

"Nitamwachia," akasema.

"Umefanya vyema, mama," ikasema kofia.

"Lakini jogoo harudi kwenye rangi. Anabaki hapo alipo. Na ninyi mnaangalia."

"Wifi, la!" Kazija alikuwa analia sasa. "Mwingize ndani kwanza! Mwanahija, nakuomba kwa kaburi la kaka yangu!"

Mwanahija akafungua mikono. Kisha akaificha chini ya nguo yake.

Mwewe akapanda. Akayumba, akapata upepo, akazunguka mara moja juu ya ua, akiyakusanya manyoya yake na heshima yake. Njaa ilikuwa bado iko naye. Njaa haina aibu. Kivuli kikarudi uwanjani. Kikapita juu ya kinu. Sitara akakwaruza koo, akamfunika kifaranga wa udongo. Jogoo hakuwahi popote. Akajilaza mchangani, kimya, na kivuli kikamfunika mzima, kikasimama juu yake. Mwanahija hakuwa na dua iliyobaki. Alikuwa na pumzi moja, akaizuia.

Kivuli kikaondoka.

Kikaruka ua, kikapita juu ya vichwa vya watu, kikapita juu ya kofia. Halafu, kutoka uwanjani kwa Mzee Shekue, kwenye vifaranga waliochovywa vizuri kuliko wa nyumba yoyote, kelele. Kofia ikageuka, ikaanguka, na aliyeivaa akakimbia bila kuirudia. Watu wakatazamana. Mmoja akaondoka, akifuatwa na wengine, kila mmoja kwa njia yake, kwanza kwa kutembea kama asiye na jambo, kisha mbio. Wengine walikwenda kuosha. Wengine, Mungu awasamehe, walikwenda kuongeza rangi.

Kazija hakukimbia. Mwanahija alisikia anahangaika upande wa pili, vitu vinaanguka, kuku wanapiga kelele, halafu makuti yakachanwa. Akatokea kwenye pengo, mvi zake zote kichwani, amekumbatia beseni lililojaa vifaranga wa zambarau.

"Usiingie!" akasema Mwanahija. "Huku kumesimama. Ukiingia huku, kwako kutakwenda bila wewe."

"Kuende," akasema Kazija, akavusha mguu mmoja, akavusha wa pili. Akaangaza macho, akaliona jua begani mwa jiko, akaona vikombe viwili mkekani. Uso ukamshuka. Alikuwa ameingia katika siku iliyofuata maziko ya kaka yake, nayo ilikuwa mbichi. Akakaa chini taratibu, akalia kilio alichodhani alikimaliza zamani. Mwanahija akamsubiri. Kisha akamsogezea majivu.

Wakaosha pamoja, kifaranga mmoja baada ya mwingine, mikono minne ya zambarau ndani ya maji mamoja. Jogoo alikuwa amekauka. Alipanda juu ya kifusi, akanyoosha shingo, akafungua mdomo kuelekea anga tupu, kisha akaufunga, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

"Ndiye huyo?" akanong'ona Kazija.

"Ndiye."

"Anajua?"

"Hajui."

Kazija alitaka kumwita. Mwanahija akamshika mkono ndani ya maji.

"Mwache, wifi. Usimwangalie hivyo. Akijua kwamba kesho yetu iko kooni mwake, ataogopa kuwika."